Bunduki Yenye Mbwa

Imelda mwanangu,

Umetoka na rafiki zako kwenda Woolwich kuagana. Baba yako yuko jikoni anapika pilau ambayo amenikataza hata kuifunua kifuniko. Mimi nimepewa kazi moja tu, nikae nisimsumbue mtu. Kwa hiyo nimekaa mezani, pale unapopenda kukaa wewe, na nimechukua kalamu. Kesho treni yako inaondoka, na mimi najijua. Pale stesheni nitazungumzia mashuka na mkate, halafu nitalia, halafu treni itaondoka. Afadhali niseme ya maana sasa, jua likiwa bado dirishani na akili yangu ikiwa imetulia.

Habari za kufunga milango na kula mboga sikuandikii. Baba yako anazo za kukutosha, na amezihifadhi zote kwa ajili ya safari ya kwenda stesheni kesho. Msikilize, umwitikie, hata kama umeshazisikia.

Mimi nataka kukusimulia habari za ile bunduki. Utasema unaijua kuliko mimi, na ni kweli. Unajua kila skrubu yake. Lakini unaijua kwa upande wako uliokuwa ndani ya kamba ya uwanja. Mimi nilikuwa nje ya kamba, na upande huo hujawahi kuusikia wote kwa mpangilio.

Ulikuwa na miaka kumi na sita ulipokuja na habari zile kutoka safari ya shule. Ulisimama mlangoni na begi bado mgongoni. Ukasema kuna watu wazima, mafundi bomba na walimu na manesi, ambao mwisho wa wiki wanavaa kama askari wa zamani, wa ile vita Waingereza waliyopigana wenyewe kwa wenyewe, mfalme upande huu na bunge upande ule. Wanakwenda kwenye viwanja vya majumba ya kale, wanaigiza mapigano, watu wanakuja kutazama na watoto wao. Na wanapokea vijana.

Nikauliza, "Wanapigana na nini?"

"Mikuki. Na bunduki, lakini hakuna risasi, Mama. Ni baruti tu, mlio na moshi."

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Ulikwenda chumbani. Sikukuita. Niliendelea kukunja nguo kama mtu aliyemaliza jambo. Mwanangu, katika makosa yangu yote nitakayoyataja hapa, hili ndilo nililolirudia sana moyoni, ingawa halikumwaga damu wala halikuvunja kitu. Nilikuwa na sababu. Nilikuwa nayo nzima, ina jina na sura, na niliimeza nikakupa amri mahali pake.

Sababu yenyewe ni mjomba wako Gervas.

Ulikuwa unamwona kwenye simu tangu utoto, anatabasamu, anatengeneza baiskeli pale Ifakara, na mkono wa kulia una vidole vitatu. Ulipouliza, nilikwambia aliumia shambani, nikabadilisha mazungumzo. Aliumia shambani kweli. Babu yako alikuwa na gobori, bunduki ya kushindilia, ambayo fundi wa kijiji aliiunda kwa bomba la maji na kipande cha mpingo. Ilikuwa ya kufukuzia nguruwe pori, maana msimu wa mpunga ukikomaa wale nguruwe walikuwa wanakula usiku mmoja kazi ya miezi. Alasiri moja baba alirudi nayo kwenye nyumba yetu ya shambani ikiwa imeshindiliwa, akaiegemeza kwenye nguzo ya ghala, akaingia ndani kunywa maji. Gervas alikuwa na miaka tisa. Alitaka kuiondoa tu ili kuku wasiiangushe. Mimi nilikuwa natwanga, mgongo nimempa. Nilisikia mlio, na nilipogeuka niliona moshi kwanza. Moshi mweupe, mzito, na mdogo wangu ndani yake hasemi kitu.

Hiyo ndiyo picha niliyokuja nayo London. Nilikuja na sanduku, vitenge na picha hiyo. Na ulipotamka neno bunduki mlangoni kwangu, hapa Thamesmead, mahali ambapo, kwa hofu ya visu na bunduki za mitaani, akina mama tukikaa kanisani tunahesabu vijana wetu kwa macho kama wamerudi wote, nilisikia mlio ule ule.

Unajua yaliyofuata. Baba yako, ambaye hapendi ugomvi lakini pia hapendi kukuona umenuna, alikuchukua Jumapili moja baada ya misa akaniambia mnakwenda kutafuta viatu. Mlirudi bila viatu, mnanuka moshi wa kuni, na wewe unacheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu uanze sekondari. Nilinyamaza. Kunyamaza siyo kukubali, ila na wewe hukuwa mjinga, ukachukua kile kilichopatikana.

Ukabeba ndoo za maji, ukashona mikoba ya ngozi, ukajifunza kupika uji wa shayiri kwenye sufuria ya chuma. Ulipotimiza miaka kumi na minane na polisi wakakupa cheti chako cha kushika bunduki, Mzee Trevor, kapteni wa kikosi chenu, akakukabidhi ile bunduki. Hukunificha. Ulinionyesha picha kwenye simu na ukanieleza kama mtu anayemtambulisha mchumba.

"Hii siyo ya zamani, Mama. Ni nakala. Imetengenezwa miaka hii hii na fundi wa kaskazini, lakini amefuata za kale kila kitu. Bunduki nyingi za wakati ule zilikuwa zinawashwa kwa utambi wa kamba unaofuka moto. Hii haina utambi. Ina jiwe."

"Jiwe gani?"

Ukanionyesha kijiwe cheusi kilichobanwa kwenye taya za chuma. Nikakwambia hilo kwa Kiswahili ni gumegume, na bunduki yake inaitwa hivyo hivyo. Nikakwambia pia kwamba mimi nilijua gumegume la matusi kabla ya la bunduki, kwa sababu shangazi yangu akimwona mwanamume mwenye maneno mengi asiyefanya kitu alisema, "Huyo gumegume tu." Baba yako akadakia kutoka kwenye kochi, "Basi nimepata mwenzangu humu ndani." Tulicheka wote watatu. Ungeniona ungesema mama amekubali. Usiku sikulala.

Ile siku ya uwanjani nilikuja kwa sababu uliniomba. Ulisema, "Njoo uone mara moja tu, halafu ukisema niache, tutazungumza." Nilivaa koti langu zuri. Jumba lilikuwa kubwa, lina mabomba ya moshi kama msitu, na watu wameketi kwenye majani na vikapu vya chakula. Nilisimama kwenye kamba, mbele kabisa.

Ulikuwa kwenye ulinzi wa mkokoteni wa baruti. Baadaye nilielewa kwa nini ulipangwa pale. Wale wa utambi hawaruhusiwi kuukaribia mkokoteni na kamba zao za moto, lakini bunduki ya jiwe haina moto mpaka uifyatue. Kwa hiyo hata zamani walinzi wa baruti walipewa hizi. Siku hiyo sikujua. Niliona tu mwanangu amesimama karibu na mapipa, na kofia pana, na bunduki ndefu kuliko mama yake.

Ikatolewa amri. Mkainua. Mkafyatua. Bunduki za wenzako zikalia zote. Ya kwako iliwaka juu tu, pale kwenye kibakuli kidogo cha baruti ya kuwashia, ikatoa moshi mweupe mbele ya uso wako, na mtutu haukulia.

Ulifanya ulichofundishwa. Ulibaki umeinua mtutu juu, hukuuteremsha, hukuchungulia, ukanyosha mkono mmoja hewani kuwaonyesha kwamba yako haijatoka. Nimeshaiona video, nimeona ulivyotulia. Lakini wakati ule sikuona mkono wala utulivu. Niliona moshi mweupe, na mtoto wangu ndani yake hasemi kitu.

Niliruka kamba. Nilikimbia mbele ya mstari mwingine wa watu waliokuwa wameshaweka baruti na kuinua bunduki zao. Nilisikia mtu akipiga kelele, "Simamisheni! Simamisheni!" na sikujua kwamba anayesimamishiwa vita ni mimi. Nilikufikia, nikashika bunduki kwa mikono miwili, nikaivuta. Bunduki iliyokuwa bado imeshiba baruti. Mtutu ukaanza kushuka, na mbele yake walikuwa watu wenye vikapu.

Wewe uliishikilia. Ulikuwa unatetemeka kwa kuizuia isishuke, na ukaniambia polepole, kwa Kiswahili, kama unavyomwambia mtoto aliyeshika kisu, "Mama. Achia. Niamini. Achia."

Nikaachia.

Kuna mtoto alipiga makofi nyuma ya kamba. Alidhani ni sehemu ya mchezo.

Walisitisha maonyesho. Nilitolewa uwanjani na mwanamke mwenye fulana ya njano, kwa adabu lakini mkono wake haukuniacha mpaka maegesho ya magari. Na wewe, ambaye hukukosea hata hatua moja, ndiye uliyesimamishwa. Sheria yao ilikuwa hivyo. Likitokea jambo kama lile, anayehusika anakaa nje mpaka apimwe upya. Tulirudi kwenye basi bila neno. Baba yako alikaa katikati yetu kama mtu anayelinda mpaka.

Halafu ukanyamaza wiki nyingi. Ulinisalimia, ulikula, ulisema asante. Hakuna adabu inayouma kama ile.

Sasa nifike mahali ambapo hukuwepo. Siku mbili baada ya uwanja, nilipotoka kazini, sikuja nyumbani. Nilipanda basi mpaka Abbey Wood kwa Mzee Trevor. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi kwa Kiingereza, nimeyakariri tangu asubuhi huku napanga mikasi na koleo za upasuaji kwenye trei pale hospitali. Alifungua mlango na aproni ya mafuta, na kabla sijafika nusu ya maneno akaniuliza kama natumia sukari.

Tulikaa kwenye karakana yake, ile ya nyuma ya nyumba. Nilimweleza habari za Gervas. Ndiyo, mwanangu, nilimweleza mtu baki, mzungu niliyeonana naye mara moja tu, siku niliyovuruga uwanja wake, kitu ambacho sikuwa nimekueleza wewe kwa miaka kumi na minane. Labda ilikuwa rahisi kwa sababu hakuwa ananipenda wala kunihitaji.

Hakunipa pole. Akauliza, "Kwenye bunduki ya baba yako, ni kitu gani kilichoshindwa?"

Sikujua. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza. Kwangu ilikuwa bunduki, basi, kama vile mamba ni mamba.

"Ndugu yako anajua?"

Nikampigia Gervas pale pale, kwa picha. Kule ilikuwa jioni, ana tairi mkononi. Nikamuuliza. Yeye akajibu kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya.

"Jino la ndani, dada. Ile nyundo ukiivuta nusu, ilikuwa inashikwa na kijino kimoja ndani ya mtambo. Kililika. Kwa nje huwezi kuona. Baba alijua imeshika, kumbe imegusa tu. Mimi nilipoinyanyua ikateleza. Fundi mwenyewe alituonyesha baadaye alipoifungua, wewe ulikataa kuja kuona."

Nikamtafsiria Mzee Trevor. Akatikisa kichwa, akafungua kabati la chuma, akatoa bunduki yako akaiweka mezani juu ya kitambaa, kwa ubavu, mtambo ukiangalia juu. Akanionyesha, na mimi nikamgeuzia Gervas simu aone.

Lile taya linaloshika jiwe wao wanaliita jogoo, kwa sababu linadonoa. Mbele yake kuna bamba la chuma lililopinda, linalofunika kibakuli cha baruti. Jogoo akidonoa, jiwe linalikwaruza bamba, bamba linafunguka lenyewe, na cheche zinaangukia kwenye baruti. Hayo niliyaelewa haraka, maana siku nzima kazini nashika vyuma vinavyokutana na vyuma. Halafu akaweka kidole nyuma ya jogoo, kwenye kikulabu kinene cha chuma kilichofungwa kwa nje, juu ya ubavu wa mtambo.

"Huyu," akasema, "tunamwita mbwa."

Akamvuta jogoo nusu, akamsukuma mbwa mbele kwa kidole gumba. Mbwa akauma mkato uliochongwa mgongoni mwa jogoo. Tak. Akaniambia nivute kifyatulio. Niliogopa. Akanihakikishia haina kitu ndani, akaingiza mdeki, yaani ufito wa kushindilia, mtutuni mpaka chini na kunionyesha. Nikavuta. Hakuna kilichosogea. Nikavuta kwa nguvu, kwa vidole viwili. Jogoo hakutikisika. Kisha akamvuta jogoo mpaka mwisho, na mbwa akaachia mwenyewe, akaanguka nyuma.

"Bunduki zilizokuja baadaye," akasema, "kinga yake iko ndani, huioni. Hii ya mwanzo ya Waingereza, kinga iko nje. Aliyesimama kando yako anaiona. Mama yako akisimama kando yako, anaiona." Akageuza mtutu, akanionyesha mihuri midogo iliyogongwa kwenye chuma karibu na mtambo. Mtutu ule, kabla ya kuuzwa, ulijazwa baruti nyingi kuliko utakavyowahi kujazwa, ukafyatuliwa kwenye nyumba ya kupimia, hakuna mtu karibu. Ungepasuka, ungepasukia huko.

Nikamgeukia Gervas kwenye simu. Nikasema, "Umeona, mdogo wangu?"

"Nimeona. Dada, huyo mbwa angekuwepo kwetu, leo ningekuwa na vidole kumi." Akaongeza, "Ila ingebidi baba akumbuke kumfunga. Na baba, Mungu amrehemu, hata mbuzi alikuwa anasahau kuwafunga."

Akacheka mpaka tairi likamponyoka. Mimi nikaanza kulia.

"Sasa unalia nini? Mwenye mkono niliacha kulia zamani. Wewe bado unao msiba wangu? Hebu nirudishie, niufukie mwenyewe."

Niliporudi nyumbani uliniuliza mbona nimechelewa, nikasema basi lilichelewa. Nisamehe hilo, lakini sikutaka kukuletea maneno. Nilikuwa nimeshakuletea maneno mengi. Mzee Trevor alikuwa ameniambia wakati namrudishia kikombe, "Ungeijua, usingekimbia. Njoo Alhamisi." Nikaenda Alhamisi. Nikaenda na zilizofuata. Baba yako alijua, na safari hii ni wewe aliyekudanganya habari za viatu, kwa ajili yangu.

Mengine ulikuwepo. Asubuhi uliyokwenda kupimwa upya, ulikuta mstari wa wanafunzi wapya umesimama kwenye majani yenye umande. Vijana wanne, dobi mmoja wa Kenton aliyestaafu, Bwana Harish, na mwishoni mwanamke mnene mfupi mwenye suruali ya magotini, soksi nyekundu, na kofia iliyomfika puani. Ulinipita. Kisha ukasimama. Ukarudi nyuma hatua kwa hatua kama anayeangalia ajali.

"Mama?"

"Niko kwenye mstari, usinisemeshe," nikasema, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa.

Ulikaa chini kwenye majani ukacheka mpaka ukashika mbavu. Mzee Trevor alikusubiri, hakukukemea. Ulipoinuka ulikuja kuninyoosha kofia, na mkono wako ukabaki kidogo shavuni kwangu. Hapo ndipo nilipokuambia, mbele ya Bwana Harish na vijana wanne, habari zote za mjomba wako, haraka haraka, vibaya, kabla ujasiri haujaisha. Ukasema tu, "Ungeniambia, Mama. Ningekuonyesha mbwa siku ya kwanza."

Mwanangu, utakutana na watu utakaowapenda na utataka kuwakataza kitu. Labda mume, labda mtoto, labda rafiki. Na mara nyingi utakuwa na haki. Nilichojifunza mimi ni hiki, na nimekilipia kwa wiki zile za salamu na asante. Hapana ya mtu anayekupenda ikija bila habari yake, inafanana kabisa na hapana ya mtu asiyekujali. Wewe ungejuaje tofauti?

Kosa langu la pili huenda hukuliona kama kosa. Ulipopimwa ukapita, hukuridhika. Ulitaka kujua kwa nini iligoma siku ile. Wote walisema ni masizi, tundu linalopitisha moto kutoka kibakulini kwenda mtutuni lilikuwa limeziba, lizibue kwa sindano uendelee. Wewe ukaisafisha, ukaiwasha, ikagoma tena mara moja moja, ukakaa nayo karakanani majira yote ya baridi. Mpaka ukaona kwamba lile tundu limetobolewa chini kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ukijaza kibakuli baruti inalifukia, na moto unatambaa badala ya kuruka. Ukampigia simu fundi aliyeitengeneza, kule Yorkshire. Nilikusikia kupitia ukutani ukizungumza naye, sauti yako imekuwa ya mtu mzima. Hukumlaumu. Ulimuuliza alivyopima. Naye, ulivyotusimulia, akasema anazo tatu nyingine za siku zile zile, angependa mtu mwenye macho kama yako azitazame naye.

Ulipokuja kutuambia amekupa nafasi ya kujifunza ufundi kwake, baba yako aliruka. Mimi niliuliza kama hakuna kazi kama hiyo hapa hapa London. Niliuliza wiki nzima. Nilikutajia duka la saa la Plumstead linalotafuta msaidizi. Nilikutajia baridi ya kaskazini, kana kwamba huku tunaota jua. Kanisani Mama Doreen aliposema, "Mtoto wa kike, kwenda kuunda bunduki?" sikumjibu, nikamwacha aamini kwamba mimi pia nashangaa. Hilo linanisumbua. Nilipaswa kumwambia ninachojua, kwamba mtoto huyu amesimama mbele ya watu akiwa ameshika chuma kilichoshiba baruti, na mama yake mzazi anamvuta mkono, na hakuna aliyedhurika kwa sababu yeye hakuachia.

Jumapili iliyopita nilimwambia, kwenye chai baada ya misa, na nikaongeza chumvi kidogo. Sasa anataka mwanawe mdogo aje kutazama.

Kwa hiyo siwezi kukuaga kwa huzuni, Imelda, ingawa nimejaribu, maana nilidhani ndivyo mama anavyotakiwa. Kila nikitafuta huzuni nakuta furaha imekaa kwenye kiti chake. Nimepata binti anayejua kwa nini kitu kinagoma na ana subira ya kukifungua. Nimepata ndugu yangu tena. Tunazungumza kila wiki siku hizi, na wala si habari za mkono. Ananiuliza habari za jogoo na mbwa, anataka umtumie picha za karakana mpya, tena za karibu, zinazoonyesha springi. Mtumie. Na baba yako amegundua kwamba akiachwa peke yake jikoni anaweza kuunguza pilau kwa furaha kubwa. Naisikia harufu sasa hivi. Siendi.

Huko uendako utaharibu vitu. Utakata chuma kifupi, utavunja springi ya mtu, utatoboa tundu mahali siyo. Usiharakishe kukificha ulichoharibu. Kiweke mezani kwa ubavu, mtambo ukiangalia juu, umwite mtu mje mkitazame pamoja. Mimi nilikaa na changu gizani miaka thelathini na zaidi, na kilipotolewa mezani kilimalizika kabla chai haijapoa.

Jambo la mwisho ni la kawaida kabisa, linahusu simu. Mzee Trevor magoti yamemchosha na ameacha kusimama uwanjani, anabaki na amri tu. Bunduki yako inahitaji mtu, na mkokoteni wa baruti hauwezi kukaa bila mlinzi. Wiki iliyopita nilipimwa, nikapita. Sikukwambia, nilitaka ulijue ukiwa umeshafunga sanduku, usije ukabaki kwa ajili ya kunitazama. Jumamosi ijayo tuko kwenye lile jumba lenye mabomba mengi ya moshi, upande wa bunge. Baba yako atakaa nje ya kamba na kikapu, na ameapa hataruka.

Najua utakuwa umefika, umeshapanga chumba, na utataka kunisikia. Piga jioni. Mchana usinipigie, mwanangu, nitakuwa vitani.

Mama yako,
Felista